Kochi la Daktari wa Ndoto

Kochi si kuku, kwamba mlango ukiachwa wazi litatoka lenyewe. Inspekta alipiga magoti katikati ya chumba cha daktari, akagusa mabonyeo yaliyobaki kwenye zulia pale miguu ya kochi ilipokuwa imesimama miaka nenda miaka rudi, kisha akageuka kuutazama mlango. Mlango ulikuwa mwembamba. Kochi, kwa maelezo ya mwenyewe, lilikuwa la watu watatu, la ngozi, na lilikuwa na mgongo mrefu kama wa ng'ombe.

"Lilipitaje hapa?" aliuliza.

"Swali zuri, afande," alisema Koplo, ambaye alikuwa na tabia ya kuyasifu maswali badala ya kuyajibu.

Inspekta alipitisha vidole kwenye fremu, juu mpaka chini. Hakuna mkwaruzo. Rangi nzima, kana kwamba hata mtoto hajawahi kupita pale na baiskeli. Akainama kwenye bawaba. Skrubu zake ziling'aa vichwani, kila moja, kama meno ya mtu aliyetoka kupiga mswaki. Aliusukuma mlango. Ukaenda, ukarudi, kimya.

"Huu mlango huwa haulii?" alimuuliza dada wa mapokezi aliyekuwa amesimama nje, mikono kifuani.

"Ulikuwa unalia kama paka aliyekanyagwa mkia," alisema dada wa mapokezi. "Sasa umenyamaza. Hata mimi nimeshangaa."

"Koplo, andika. Aliyechukua kochi aling'oa mlango mzima, akalitoa kochi, akaurudisha mlango mahali pake, na kabla hajaondoka akazipaka bawaba mafuta."

"Basi ni mwizi mwenye adabu."

"Ni mwizi mwenye kazi yake. Mwizi wa kawaida ana haraka, angeikwaruza fremu yote. Huyu mkono wake umezoea kuhamisha vyombo vya watu na kulipishwa akivunja."

Koplo aliandika, halafu akasita. "Lakini afande, si tuna mtu tayari?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu tayari walikuwa naye, na ndiye aliyemtoa Inspekta kitandani asubuhi kabla chai haijachemka. Mlinzi wa kliniki, mzee mwenye mvi na kikohozi, alikuwa selo tangu juzi, na kesho asubuhi angesimamishwa mahakamani kwa wizi. Maelezo yake yalichukuliwa na Sajenti, mtu ambaye angeweza kumfanya hata mbuzi aungame kula shuka. Mzee alisema kwamba siku ya wizi mchana, kliniki ikiwa imefungwa, lilikuja lori, wakashuka watu wenye maovaroli, wakamwambia kochi la daktari linakwenda kwa fundi kubadilishwa ngozi. Kwa kuwa kweli ngozi ilikuwa imechanika, akafungua geti. Kwa kuwa alilelewa vizuri, akasaidia kushika upande mmoja. Sajenti akaandika: *Mshukiwa amekiri kushiriki.*

"Sikuiba, mama," mzee alikuwa amemwambia Inspekta asubuhi ile kituoni, kupitia nondo. "Nimesema mpaka sauti imekauka."

"Ulimwona usoni aliyekuwa anawaongoza?"

"Nani anamtazama usoni mtu aliyebeba kochi? Unatazama kochi, lisikugonge. Halafu kule kwetu kazini kumtazama mtu usoni ni kosa. Wateja wana siri. Nimeambiwa nitazame chini, na chini nimetazama miaka yote mpaka shingo imepinda."

Mke wa mzee alikuwa kwenye benchi la kituo na chupa ya chai mapajani. Hakulia wala hakuomba. Alimtazama Inspekta kama mtu anayetazama sufuria aliyomwazimisha jirani, akasema, "Dada, mimi nilikupeni mtu mzima. Nirudishieni mzima." Neno hilo Inspekta alikuja nalo mpaka kliniki, na lilikuwa linamwasha kama upupu.

Kliniki ilikuwa ya tiba ya mazungumzo. Hakuna sindano wala dawa ya maji. Watu walikuja kusema, na wataalamu watatu walilipwa kuwasikiliza. Watatu hao walishirikiana jiko na choo tu. Kila mmoja alikuwa na shule yake ya tiba, na kila mmoja aliamini shule za wenzake ni njia ndefu ya kupotea.

Inspekta alianza na yule ambaye dada wa mapokezi, kwa sauti ya chini, alimwita Bwana Nakusikia. Alikuwa kijana mpole, mwenye sweta la rangi ya maziwa na boksi la tishu kila kona ya chumba. Viti vyake viwili vilikuwa sawa kabisa, ili asiwepo wa kukaa juu kuliko mwenzake.

"Kochi la mwenzako limeibwa," alisema Inspekta.

"Limeibwa," alisema Bwana Nakusikia, kwa huzuni.

"Nataka kujua ulikuwa wapi siku ile mchana."

"Ungependa sana kujua."

"Ndiyo, ndiyo maana nimeuliza."

"Na nahisi kuna hasira kidogo."

"Hiyo kidogo ni ya hapa. Nyingine nimeiacha kituoni, nikikuita huko utaikuta. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa kwa mama mkwe wake, na mama mkwe alipopigiwa simu alithibitisha, akaongeza kwamba mkwe wake alimrudishia kila neno alilosema mpaka akaenda kulala mapema. Inspekta alifuta jina lake. Lakini kijana, alipoona kalamu imeshuka, alipata raha, na mtu mwenye raha huongea.

"Sisi hatumfundishi mtu wala hatumhukumu," alisema. "Mtu akikubaliwa alivyo, akasikilizwa kweli, hujinyoosha mwenyewe kama mmea. Nikupe mfano, bila kumtaja mtu. Kuna mmoja aliniambia, 'Kuna kitu kikubwa kimekaa sebuleni kwangu na si changu.' Sikumkatiza. Nikamwambia, 'Kuna kitu kikubwa sebuleni.' Akasema, 'Ndiyo, nataka nikirudishe.' Nikamwambia, 'Unatamani kukirudisha.' Akasema, 'Ndiyo!' Nikamwambia, 'Unatamani sana.' Akashika kichwa, akapiga kelele, akalia. Maendeleo makubwa sana."

"Hukumuuliza ni kitu gani?"

"Kuuliza kungemwondoa kwenye njia yake."

Inspekta aliinuka na kuelekea mlangoni. Alikuwa amelea watoto wanne na alijua kuna majibu ambayo ukiyagusa yanazaa.

Chumba cha pili kilikuwa cha Bi Zoezi. Huyu alikuwa na ubao mweupe, kalamu za rangi, na saa aliyoielekeza kwa mgeni. Alikuwa amejibu swali la mahali alipokuwa kabla Inspekta hajakaa: alikuwa kwenye semina, mashahidi ni ukumbi mzima. Inspekta alimpenda papo hapo.

"Hapa hatuchimbui utoto wa mtu," alisema Bi Zoezi. "Fikra mbaya huzaa hisia mbaya, hisia mbaya huzaa tabia mbaya. Sisi tunaishika fikra shingoni na kuiuliza: ushahidi wako uko wapi?"

"Kama sisi."

"Ila sisi hatupigi."

Koplo alikohoa. Inspekta aliacha lipite.

"Nipe mfano," alisema. "Bila kumtaja mtu."

"Nina mmoja anaamini yeye ni mwizi. Nilimgawia ubao nusu kwa nusu. Huku, ushahidi kwamba si mwizi: majirani humwachia funguo, kazi yake ni kubeba vyombo vya watu na hajapoteza hata kijiko, hajawahi kushtakiwa. Ukajaa mpaka nikapunguza herufi."

"Na upande wa pili?"

"Alikuwa na kitu kimoja tu. Nikakifuta. Kitu kimoja si ushahidi, ni mazoea ya kujilaumu."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Inspekta alimkanyaga kwa ncha ya kiatu asiseme kitu.

"Na akitaka kukirudisha hicho kitu kimoja?"

"Nimemkataza kabisa. Akirudisha anailisha fikra. Nimempa zoezi la nyumbani: kila hamu ya kurudisha ikimjia, akae nayo mpaka ipungue. Akae kwa utulivu, sebuleni."

"Amekaa juu ya nini?"

Bi Zoezi alikunja uso. "Hilo sikuona haja ya kuuliza."

Nje ya mlango Koplo alimshika afande wake mkono wa shati. "Mama, ni mtu mmoja!"

"Ninyamazie. Hao wateja wawili wanaweza kuwa watu wawili kweli. Twende kwa mwenye kochi."

Daktari wa Ndoto alikuwa amesimama dirishani, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Pembeni ya mabonyeo ya zulia alikuwa ametandika godoro la sponji lililokatwa kwa mtu mfupi, na kiti chake kilikuwa nyuma ya godoro, mahali mgonjwa asipoweza kumwona.

"Lala," alisema.

"Nimekuja kikazi."

"Wote hudhani wamekuja kikazi. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mama yangu hajambo, anakusalimu. Daktari, nani alikuwa na shida na kochi lako?"

Daktari alicheka kwa huruma. "Inspekta, kochi si kochi. Akili ya mtu ni nyumba, na sisi tunashuka chini, kwenye chumba kilichofungwa. Kochi ni mahali pa kushukia. Tangu lipotee, wateja wangu wote wanaliota. Mmoja ameota yeye mwenyewe ndiye kochi na mimi nimemkalia. Mwingine, mtu aliyebeba mizigo ya wengine maisha yake yote, alikuja hapa akanitazama machoni akasema, 'Daktari, kochi lako ninalo mimi.'"

Koplo alifungua ukurasa mpya.

"Alikwambia hivyo," alisema Inspekta, taratibu. "Kwa mdomo wake."

"Kwa mdomo wake. 'Nililibeba kwa lori langu, naomba nilirudishe.' Njozi safi! Sijapata kuona nyingine iliyokamilika namna ile. Ilikuwa na lori, ilikuwa na vijana wake wawili, ilikuwa hata na kopo la mafuta ya bawaba."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamuuliza kuhusu mama yake."

Inspekta aliketi kwenye lile godoro.

Alipoinuka aliwaita wote watatu ukumbini, akasimama mbele yao kama mwalimu wa zamu. Aliwaeleza polepole kwamba kila mmoja wao ameungamiwa na mwizi yuleyule, kwa maneno yanayoeleweka na mtoto wa chekechea. Na kwamba mtu huyo, kwa kuwa huyu hakumsikia, alihamia kwa yule, na yule alipomfutia ubao akahamia kwa mwingine. Kisha aliomba jina.

"Siri ya mteja," walisema watatu kwa pamoja. Dada wa mapokezi alishika mdomo. Tangu aajiriwe hakuwahi kuwasikia wakikubaliana hata juu ya zamu ya kuosha vikombe.

"Mlinzi wenu yuko selo."

"Inaniuma sana," alisema Bwana Nakusikia, na macho yake kweli yalikuwa na maji. "Lakini mtu akijua tunataja majina, kesho hatakuja hata mmoja. Na wengine wao, Inspekta, hapa ndipo mahali pao pa mwisho."

Hilo Inspekta hakuweza kulipinga. Angeweza kwenda kuomba amri ya mahakama, na amri ingetoka wiki ijayo, baada ya mzee kusomewa mashtaka na kufukuzwa kazi. Alitazama sakafu. Halafu alitazama mlango wa chumba cha kusubiria.

"Kumwuliza mtu ambaye hamjanitajia, si kosa?"

Hakusubiri wakubaliane tena, akausukuma mlango.

Katika kliniki ile viti vya kusubiria viliwekwa vikitazama ukuta, ili mteja asimwone mteja. Inspekta alipoingia alikutana na visogo. Kulikuwa na kisogo chenye kilemba, kisogo chenye upara, visogo vya mke na mume waliokaa mbalimbali, na kwenye pembe mgongo mpana wa mtu aliyevaa ovaroli ya buluu, aliyeinama kama mtu anayesubiri kupewa mzigo.

Inspekta alijikohoza.

"Habari zenu wote. Msigeuke. Nani amechukua kochi la daktari?"

Mkono ukapanda. Ulikuwa wa yule mwenye ovaroli, na ulipanda juu kabisa, kama wa mwanafunzi aliyenyimwa nafasi muhula mzima.

"Mimi hapa!"

"Usimjibu!" alipiga kelele Daktari kutoka mlangoni. "Hiyo ni hatia ya utotoni!"

"Ushahidi wako uko wapi?" alidakia Bi Zoezi.

"Sebuleni kwangu!" alisema mtu yule, akigeuka. Alikuwa na macho mekundu kama nyanya na mashavu yaliyoshuka. "Mama, wewe ni nani? Mungu akubariki. Ndiyo mara ya kwanza naulizwa!"

Kutoka kwenye kilemba sauti ndogo ikasema, "Na mimi nilichukua gazeti la mezani, lakini nilikuwa nalirudisha leo." Inspekta alimwambia alirudishe tu, yaishe.

Mhamisha vyombo alieleza yote akiwa amesimama, mikono mbele, kama anayetoa ripoti ya safari. Mke wake alikuwa amemwacha. Aliyemhamisha ni yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi yake na hakutaka vyombo vya mke wake vishikwe na wahuni. "Nilifunga kila kitu kwenye blanketi. Sikuvunja hata sahani. Nilipomaliza nikarudi nyumbani, nyumba tupu, na usingizi nao ukawa umehama." Alikuja kwa Daktari. Siku ya kwanza alilala kwenye lile kochi, akazungumza kidogo kuhusu mama yake, akakoroma mpaka saa yake ikaisha. "Nikasema dawa ni kochi. Nikamwomba Daktari aniuzie, akaniambia tuitazame hiyo hamu. Tukaitazama weee. Mwishowe nikaja na lori."

"Ukalala?"

"Hata lepe la usingizi. Nalilalia, naona namlalia mtu mgongoni. Nataka kulirudisha, huyu anasema ni njozi, huyu anasema nikae nalo, na huyu..." alimtazama Bwana Nakusikia, akakata tamaa. "Huyu ni mtu mzuri. Lakini ni kama kuongea na kisima."

"Na mlinzi umemwacha aozee ndani."

Mtu yule alifumba na kufumbua macho. "Mlinzi gani?"

"Mzee wa getini. Kesho anapelekwa mahakamani kwa kochi lako."

"Nimeambiwa yuko likizo!"

Kila mtu alimtazama dada wa mapokezi. "Nilitaka wateja wasipate wasiwasi," alisema, na sauti yake ikaishia njiani.

Mhamisha vyombo aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za lori na za nyumba, akamkabidhi Koplo, kisha akatangulia mwenyewe kwenda kwenye gari la polisi, na ilibidi waharakishe kumfuata.

Kochi walilikuta sebuleni, peke yake, limefunikwa shuka safi. Lile pengo la ngozi lilikuwa limeshonwa.

Kituoni, Sajenti hakufurahi. Alisema jalada limeshafungwa, mshukiwa ameshakiri. Inspekta alimwomba asome kwa sauti kile mzee alichokiri, mbele ya mke wa mzee. Sajenti alisoma mpaka pale pa kushika upande mmoja wa kochi, akamwona mama yule anainuka na chupa ya chai, akasema labda ameandika vibaya.

"Tumefanya kama wao," Inspekta alimwambia Koplo. "Mmoja anasema nimeiba, wanasikia hakuiba. Mwingine anasema sikuiba, sisi tunasikia ameiba. Na hata kiti cha kulala hatukumpa. Mtoe mzee."

"Utaratibu, afande. Mpaka huyu mpya atoe maelezo na kutia sahihi."

"Basi leta karatasi."

Waliwapitisha mlangoni pa selo, mzee akitoka kungoja sahihi kwenye benchi, na mhamisha vyombo akiingia. Yule mtu alipiga magoti palepale kwenye saruji. "Mzee wangu, ni mimi. Nimewaambia kule kliniki kila siku. Nisamehe, sikujua."

Mzee alimpita, akaenda kupokea chai.

Koplo alikwenda kutafuta karatasi, na katika kituo kile karatasi hutafutwa. Aliporudi na Inspekta, selo ilikuwa imejaa sauti kama ya lori linalopanda mlima na mzigo. Mhamisha vyombo alikuwa amejinyoosha juu ya saruji tupu, mdomo wazi, kiatu kimoja chini ya kichwa, na alikuwa anakoroma.

"Amka wewe!" Koplo alipiga nondo. Wapi.

"Nitamwamsha mimi," alisema mke wa mzee, akivua kandambili. "Bila sahihi yake mume wangu hatoki, naye anastarehe! Fungua hapo."

Mzee alimshika mkono. Alitazama kupitia nondo, muda mrefu, uso kwa uso na yule aliyelala. Kisha alivuta stuli ya Sajenti, akaiweka mlangoni pa selo, akakaa na kikombe chake.

"Mwacheni kwanza," alisema. "Mimi akiamka nina maneno yangu ya kumwambia, na ni mengi, na yote ni makali. Mtu aliyelala ukimtukana unajichosha bure."

Sajenti alipopita akiimba, mzee aliweka kidole mdomoni na kumwonyesha njia nyingine.